Zilizopendwa: Mbona Bado Zapendwa?

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi, ingawa kidonda. Wakaongeza kwamba ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Ukizipima methali hizi mbili kwa pamoja, utadhani kwamba hakuna bendi ya muziki inayoweza kuzeeka na bado ikapendwa: ama wapenzi wake watakimbilia kipya, ama yenyewe itapasuka kwa uvumi wake. Lakini tazama, mpenzi msomaji, yanayotendeka duniani. Kundi la Rolling Stones la Uingereza liliundwa mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya Kenya kujipatia uhuru. Lilipopiga muziki katika ufuo wa Copacabana mjini Rio de Janeiro mwaka 2006, umati uliofika ulikadiriwa kupita watu milioni moja. Mwaka 2024 lilikuwa bado linazunguka Marekani likijaza viwanja, naye mwimbaji wake, Mick Jagger, alikuwa ametimiza umri wa miaka 80.

Huko ni mbali. Tukirudi karibu, jijini Dar es Salaam palizuka bendi mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ikaja kuitwa Juwata, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Mpinzani wake wa jadi, DDC Mlimani Park, maarufu kwa jina la Sikinde, alizaliwa mwaka 1978. Kwa miongo mingi mashabiki wa pande hizi mbili wametaniana kama wataniavyo wa Simba na Yanga. Na hapa kwetu Kakamega, mwezi wa Desemba uwadiapo na watu wa mijini warejeapo nyumbani, tangazo la bendi ya kupiga zilizopendwa hutosha kuujaza ua wa hoteli kabla jua halijatua.

Je, ni kipi kinachowavuta watu hawa? Swali hili limenisumbua kwa muda kwa sababu mbili. Kwanza, mimi ni mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, na nyimbo ni sehemu ya fasihi tunayoisoma. Pili, nilizaliwa mwaka 1997. Wimbo wa "Sina Makosa" wa Les Wanyika ulikuwa umeshaimbwa takriban miaka ishirini kabla sijazaliwa, nami naujua ubeti kwa ubeti. Sikumbuki siku niliyojifunza. Aghalabu tunaambiwa kwamba watu huenda kusikiliza bendi kuukuu ili wakumbuke ujana wao. Mimi nitaukumbukaje ujana uliokwisha kabla ya kuzaliwa kwangu?

Natuanze na jina lenyewe. Kenya twasema zilizopendwa, na ndugu zetu wa Tanzania husema zilipendwa. Kwa vyovyote vile, mofimu ni zile zile zinazotupa kazi. Kiambishi cha wakati uliopita chadai kwamba mapenzi hayo yamekwisha. Umati langoni wakanusha. Kisha ipo kauli ya kutendwa. Nyimbo hizi zilipendwa, lakini aliyezipenda ni nani? Sarufi imemficha. Naamini kwamba siri yote ya bendi hizi kongwe imo katika mtenda huyo aliyefichwa, na makala haya ni jaribio la kumtafuta.

Jibu la kwanza, lile la kumbukumbu, si la kudharauliwa. Katika eneo letu la magharibi lina uzito wa pekee. Nyimbo nyingi tuziitazo zilizopendwa zilivuma katika miaka ya 1970 na 1980. Hiyo ndiyo miaka ambayo kiwanda cha sukari cha Mumias na kile cha karatasi cha Webuye vilikuwa vikinawiri. Mtu alikuwa na mshahara, mwisho wa mwezi ulikuwa na maana, na bendi iliyopiga muziki mjini siku hiyo ilikuta mifuko iliyotuna. Kiwanda cha Webuye kilifunga milango mwaka 2009. Kile cha Mumias kiliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Mzee wa miaka sabini anapofumba macho katikati ya wimbo, huenda hamkumbuki mpenzi wake wa zamani kama tunavyodhani. Huenda anakumbuka bahasha ya mshahara.

Hata hivyo, jibu hili lina pengo. Lawaeleza wazee, bali haliwaelezi vijana waliosimama kando yao, wenye umri wangu na hata chini ya hapo, wakiimba kwa sauti ile ile.

Jibu la pili ni ubora wa maneno. Hili huwapendeza sana walimu wetu, na kwa hakika lina mashiko. Mtunzi wa enzi zile alisimulia kisa. Gabriel Omolo, mapema katika miaka ya 1970, alitunga "Lunch Time" akatuonyesha wafanyakazi wa Nairobi katika saa yao ya chakula cha mchana, namna hali yao ibadilikavyo kadiri mshahara unavyopungua. Ni riwaya fupi iliyoimbwa. Katika "Sina Makosa" twamsikia mtu akijitetea mbele ya anayemchukia. Hakuna msimulizi anayetuelekeza. Tunaachwa tuamue wenyewe kama tumwamini. Marehemu Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya barabarani nchini Kenya Januari 1979, aliweza kuyachukua malalamiko ya mtu wa kawaida akayafanya yasikike kama shauri la baraza zima. Kiswahili chao kilikuwa safi bila kuwa kigumu, na kwa kuwa hakikuwa mali ya kabila lolote, Mluhya, Mjaluo na Mtaita waliweza kukaa meza moja na wimbo mmoja.

Lakini hapa pia pana pengo. Mwaka 1977, bendi ya jeshi iitwayo Maroon Commandos, chini ya Habel Kifoto, ilitoa wimbo wa "Charonyi ni Wasi". Maneno yake ni ya Kitaita. Kutoka Voi hadi Kakamega ni safari ya nchi nzima, na Mtaita katika mji wetu ni wa kutafutwa. Hata hivyo, wimbo huo unapoanza, ua mzima huinuka na kuitikia maneno ambayo wengi wao hawawezi kuyatafsiri. Ikiwa maana ya maneno ndiyo inayovuta watu, je, hawa wamevutwa na nini?

Nadhani jibu linaanzia jikoni. Kabla mawimbi ya redio hayajafunguliwa kwa watu binafsi katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, Kenya ilikuwa na idhaa ya taifa peke yake, iliyoitwa Sauti ya Kenya hadi mwaka 1989 na baadaye KBC. Wimbo uliopigwa hapo ulisikika kwa wakati mmoja Kakamega, Garissa na Lamu. Juu ya hayo, zilikuwapo zile salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akaandika majina ya wale anaowasalimu, akataja wimbo autakao, akaituma kwa posta. Mtangazaji alisoma majina hayo moja baada ya jingine, kisha akaupiga wimbo. Desturi hiyo iliendelea hata katika utoto wangu. Mama alizianika betri juani asubuhi ili jioni zipate nguvu za kutufikisha mwisho wa kipindi. Sote tulinyamaza, ugali ukisongwa polepole, tukingoja kusikia kama jina la mtu wetu litatajwa.

Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Wimbo haukuja peke yake. Ulikuja umebeba majina: shangazi aliyeolewa Busia, baba mdogo aliyehamia Mombasa, rafiki wa shule ambaye hakuna aliyejua aliko. Bendi ilidhani imerekodi wimbo kuhusu mapenzi. Nchi ikaugeuza kuwa bahasha ya kutumia salamu. Mtaita hakuhitajika kutufasiria wimbo wa Kifoto. Kwetu maana yake ilikuwa majina yale yaliyotangulia kusomwa. Na kwa kuwa majina yalikuwa ya kila nyumba, kila nyumba ilikuwa na maana yake ya faragha ndani ya wimbo wa hadhara. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba hiyo aliirithi maana pamoja na vyungu na viti. Hivyo ndivyo nilivyoujua wimbo nisioukumbuka kujifunza.

Nyimbo hizo hazikuishia jikoni. Hapa magharibi twazisikia harusini, twazisikia ndani ya matatu ya kwenda Kisumu, na twazisikia katika mikesha ya matanga, ambapo wimbo uliompendeza marehemu hupigwa usiku kucha karibu na jeneza lake. Wimbo uliowahi kumzika mtu wako hauwezi kuwa wimbo tu.

Desemba moja iliyopita nilihudhuria tamasha la bendi moja ya wazee katika hoteli mjini hapa. Walikuwa watu saba, na mdogo wao nilimkadiria miaka hamsini na mitano. Sauti ya mwimbaji ilikuwa imechakaa, na mara mbili alizifikia noti za juu kwa kuzinyoshea kidole tu. Hakuna aliyejali. Pale alipokatika, umati ulipokea. Mama aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha langoni aliimba ubeti wa pili wote huku akihesabu chenji ya mteja, na hakuikosea. Kijana aliyevaa fulana ya chuo alikuwa ameinua simu yake juu. Upande wa pili wa simu hiyo, akaniambia, alikuwapo babake aliyelazwa hospitalini.

Wakati wa mapumziko nilimwendea mpiga gitaa la solo, mzee aliyepita miaka sabini. Nikamwamkia, kisha nikamwuliza kama hachoki kuupiga wimbo mmoja kwa zaidi ya miaka arobaini.

"Mwanangu," akasema, "mimi siupigi tena. Mimi nauanzisha tu. Wanaoumaliza ni nyinyi."

Katika masomo yetu ya fasihi simulizi tunafunzwa juu ya fanani na hadhira. Tunafunzwa kwamba hadhira ya Kiafrika si bubu: huitikia, huuliza, hupiga makofi, humkosoa fanani anapopotoka. Nilikuwa nimeyaandika hayo katika mitihani kadhaa. Maneno ya yule mzee yaliyapa mwili. Hakuna mtoto aendaye kusikiliza ngano ya sungura na fisi ili ajue itakavyokwisha, anaijua. Huenda ili awepo pale pa kuitikia. Vivyo hivyo, hakuna aendaye kwa bendi kuukuu ili asikie jambo jipya. Wimbo mpya huwa ni wa mwimbaji peke yake, nasi twausikiliza kama wageni. Wimbo uliozeeka umekwisha kupita katika jikoni zetu, harusi zetu na matanga yetu, ukarejea jukwaani ukiwa umebeba yote hayo. Bendi hulifungua lango, nasi twaingia tukutane. Ninaposimama katika umati ule siisikilizi bendi tu. Nawasikiliza watu elfu moja wanaojua nijuacho.

Labda ndiyo sababu mwaka 2022 kundi la ABBA la Uswidi liliweza kufunguliwa ukumbi jijini London ambamo wanamuziki wenyewe hawapo. Zipo taswira zao za kidijitali zikicheza jukwaani, na watu wakamiminika. Umati ulikuwapo, na hilo lilitosha. Mtenda aliyefichwa katika neno zilizopendwa ndiye huyo basi: ni sisi, si mmoja mmoja, bali sote kwa jumla.

Lau ningekomea hapo ningekuwa nimeandika sifa tupu. Lipo jambo ambalo yule mzee alilisema baada ya hayo, na ndilo lililonifanya niishike kalamu. Nilimwuliza kama wajukuu wake wanapiga gitaa. Akacheka. Akasema kila mmoja wao ana nyimbo zake zote ndani ya simu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwomba amwonyeshe mahali pa kuweka vidole. Gitaa alilokuwa amelishika, akaniambia, si lake; la kwake aliliuza mwaka ambao mkewe aliugua.

Hii ndiyo hatari ya wimbo kuwa mali ya wote. Kisicho na mwenyewe hakina wa kukilipia. Twauimba kwa kuwa ni wetu, na kwa kuwa ni wetu hatuoni kwamba tunadaiwa. Daudi Kabaka, mwana wa magharibi aliyezaliwa mwaka 1939 na kufariki mwaka 2001, alitunga "Helule Helule" ambao kundi la The Tremeloes la Uingereza liliuimba upya mwaka 1968 ukavuma huko. Ni vijana wangapi wa Kakamega na Vihiga wanaolijua jina lake, ilhali miguu yao hucheza twisti yake kila Desemba?

Tena tusidanganyike na bendi zilizodumu. Ukiichunguza historia utaona kwamba mapenzi ya umati peke yake hayajawahi kuidumisha bendi. NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Sikinde ilikuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Maroon Commandos ilikuwa bendi ya jeshi. Katika bendi kama hizo mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Alipostaafu au kufariki, nafasi yake ilijazwa na kijana aliyekwisha kukaa karibu naye akijifunza. Linganisha na Simba Wanyika ya ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, waliotoka Tanga wakapata umaarufu mkubwa Nairobi. Hapakuwa na bendi ya Kenya iliyopendwa kuliko hiyo kwa wakati wake. Ndugu hao walipofariki katika miaka ya 1990, bendi nayo ikazikwa. Umati ulikuwapo, mapenzi yalikuwapo. Kilichokosekana ni mrithi na mahali pa kumlelea.

Kama kuna anayedhani natia chumvi, na aitazame isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho. Hakuna Mluhya wa hapa asiyeitambua milio ya zile ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na baragumu lake. Iko harusini, iko matangani, iko katika mikutano ya wanasiasa. Kwa mtazamo wa umati, isukuti ina afya kamili. Hata hivyo, mwaka 2014 UNESCO iliiandikisha katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Dharura, mpenzi msomaji, katikati ya umati unaocheza! Sababu ni kwamba wanaocheza ni wengi, na wanaopokezwa ujuzi ni wachache. Umati ni ushahidi kwamba kitu kinapendwa. Si ushahidi kwamba kitakuwapo kesho.

Mfano mwema nao upo. George Mukabi, bingwa wa mtindo wa gitaa uitwao omutibo, ule uliosindikizwa na mlio wa chupa ya Fanta ikikwaruzwa, aliaga dunia mwaka 1963. Mtindo wake haukufa naye, kwa kuwa mwanawe, Johnstone Ouko Mukabi, aliushika akaupiga kwa miaka mingi. Hakukuhitajika umati wa watu milioni moja. Alihitajika kijana mmoja mwenye vidole na subira.

Kwa hivyo, wanachama wenzangu, nina mapendekezo mawili kwa chama chetu. La kwanza, kila mmoja wetu anayesoma fasihi simulizi amtafute mzee mmoja aliyepiga muziki, kijijini kwake au mjini, amhoji na kuandika: alijifunza kwa nani, alitunga vipi, alilipwa nini, na amemfundisha nani. Mashairi ya washairi wa Pwani tumeyahakiki na kuyahifadhi, na ni vyema. Mashairi ya watunzi hawa yamo midomoni mwa watu tu. La pili, siku ya sherehe ya chama, badala ya kukodi vipaza sauti na kupiga nyimbo zao kutoka kwenye kompyuta, tuwaalike wenyewe na tuwalipe, kisha tuwaombe wabaki kesho yake wakawafunze wawili watatu miongoni mwetu. Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga. Wazee hawa wamechezea kwao zaidi ya nusu karne, na makofi tumewapa ya kutosha. Kilichobaki ni kuwapelekea gitaa, kuketi karibu nao, na kuuliza vidole vinawekwa wapi.